Sanduku la Kimo Changu

Mpaka leo sipendi kupita mbele ya karakana ya seremala. Nikiwa Tororo mjini, ikinifikia harufu ya mbao mbichi zilizotoka kurandwa, miguu yangu huongeza mwendo yenyewe. Mume wangu aliwahi kuniuliza kwa nini tulipooana niling'ang'ania kununua kitanda kikuukuu, kilicholaliwa na watu nisiowajua, badala ya kuagiza kipya. Nilimwambia mbao za zamani hazipindi. Huo si uongo, lakini si hiyo sababu. Sababu ni wiki moja niliyokaa kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Sikuda, nikiwa na miaka tisa, mahali ambapo watu walipaita Kwa Mzungu.

Nyumbani kwetu ni Kiyeyi. Nililelewa na mama na bibi, mzaa baba. Baba, niliambiwa, alikuwa Nairobi akijenga maghorofa. Alikuwa ameondoka nikiwa na miaka mitano, na nilichokumbuka kwake ni mgongo mpana uliokuwa ukinibeba kwenda kanisani na sauti ya kucheka iliyotoka chini kabisa tumboni. Kila Krismasi ililetwa gauni jipya. "Limetoka kwa baba yako," mama angesema, halafu angeondoka kwenda jikoni hata kama hapakuwa na kitu motoni. Nilikwisha kuona kwamba watu wazima walibadilisha mazungumzo nikitokea. Nilikwisha kuona pia kwamba bibi hakulitaja jina la baba hata siku moja, wala kwa kumsifu wala kwa kumlaumu. Mtoto huona mambo mengi, ila hana pa kuyaweka.

Siku shangazi yangu Akoth alipokuja kunichukua, mama aliniogesha kwa maji ya moto ingawa haikuwa Jumapili, akanipaka mafuta mpaka masikioni, akanikumbatia muda mrefu kuliko nilivyozoea. Shangazi alikuwa amemletea sukari na kitenge. Mama alikipokea kitenge bila kukikunjua.

"Utakaa wiki moja tu," aliniambia. "Umsikilize waya."

Waya ndiye shangazi kwa lugha yetu. Nilimwuliza mama kama na yeye atakuja. Akatazama pembeni, akasema pale mahali hawezi kupakanyaga. Nikakitazama kile kitenge na ile sukari, na kichwani mwangu likaingia wazo ambalo halikutoka tena: nimebadilishwa.

Tulipakiwa kwenye baiskeli mbili za bodaboda, waya mbele na mimi nyuma. Kila nilipogeuza shingo niliuona mlima wa jiwe wa Tororo ukizidi kuwa mdogo, na nilipogeuka mara ya mwisho haukuwapo.

Kwa Mzungu palikuwa na kelele kabla hapajaonekana. Kulikuwa na mashine ya kusaga mawe iliyonguruma tangu asubuhi, na vumbi lake lilikuwa jeupe, limekaa juu ya mabati, juu ya majani ya migomba, hata kwenye kope za watu. Wanawake waliketi chini wakigonga mawe kwa nyundo, watoto wao migongoni. Wengine walichuja udongo kwa maji katika makarai, wakiuzungusha taratibu. Ukimpitia mtu karibu aliinamisha mabega kulifunika karai lake. Kila mtu alimwangalia mwenzake mikono. Walikuwa Wasamia, Wateso, Wajaluo kutoka ng'ambo, na watu wetu wa Padhola, kwa hiyo wote walisema Kiswahili, na Kiswahili changu wakati ule kilikuwa cha kuokoteza. Nilishika neno moja katika matano. Hayo manne mengine niliyajaza mwenyewe.

"Huyu ni mtoto ya nani?" watu walimwuliza waya njiani.

Waya aliwajibu kwa sauti ya chini. Na kila aliyejibiwa alinitazama kuanzia miguuni. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha alinishikisha yai mkononi, akakataa kulipwa, akageuka upande akijifuta macho kwa kanga. Sikulila lile yai. Nilijua watu hawatoi mayai bure.

Mume wa waya aliitwa Wandera, Msamia mrefu mwenye mikono mikubwa iliyopasuka. Binti yao Nabwire alikuwa amenizidi miaka mitatu, na tulilala kitanda kimoja. Nabwire alikuwa mtu wa kupenda kuogofya.

"Hapa dhahabu haitoki bure," aliniambia siku ya kwanza tulipokwenda kuteka maji. "Shimo inakula mtu kwanza. Ikishiba ndiyo inatoa. Na inapenda mgeni, kwa sababu mgeni hakuna mtu wa kumlilia."

"Nani anaipa watu?"

Akainua mabega. "Wanajua wenyewe."

Kuanzia hapo nilianza kumchunguza Wandera. Wanaume wengine walirudi kutoka mashimoni alasiri, wakaoga, wakakaa kunywa chai na kubishana. Yeye akishamaliza kazi yake alichukua jembe fupi na karai, akaelekea peke yake upande wa vichaka, ambako palikuwa na kuta za saruji zilizoachwa na Wazungu wa zamani. Alirudi giza likianza kuingia, magoti yamejaa tope la rangi ya manjano. Nilingoja auchuje ule udongo kama wenzake. Hakuuchuja. Aliumwaga tu nyuma ya nyumba, akanawa mikono kwa muda mrefu, akaila ugali wake. Mtu anayechimba dhahabu halafu anamwaga udongo anatafuta nini?

Na aliniangalia. Jioni moja nilikuwa nimeketi kwenye mkeka nimenyoosha miguu, nikamsikia akimwambia waya, "Miguu ni ile ile." Waya akasema, "Mpaka kucha." Nikaikunja miguu yangu chini ya gauni.

Siku ya tatu waya alinisimamisha ukutani, akanipima kwa kamba: mabega, kiuno, urefu kutoka shingoni hadi magotini. Alikuwa akipiga mafundo kwenye kamba huku akiuma midomo. Nilipomwuliza anapima nini alisema, "Utaona." Siku ya nne alinituma dukani kununua chumvi, na nilipopita kwa seremala nikamkuta Wandera amesimama pale, kofia mkononi. Katikati yao, juu ya mawe mawili, palikuwa na sanduku. Lilikuwa jipya, jeupe, linanuka utomvu, na maranda yalikuwa yamejikunja chini yake kama nywele. Nilikuwa nimewahi kuona majeneza Kiyeyi, makubwa, ya wazee. Hili lilikuwa dogo. Nilijipima nalo kwa macho tu, nikiwa ng'ambo ya njia, na nikajua kwamba nikilala humo kichwa kitafika huku na miguu itafika kule.

Wandera aliniona. Alisogea haraka, akasimama kati yangu na sanduku.

Usiku huo sikuomba kama nilivyofundishwa. Niliomba kwa kunong'ona jina la baba. Na asubuhi yake, Ijumaa, nikiwa nafagia nyuma ya jiko, nikasikia kupitia nyufa za ukuta.

"Mtoto yuko tayari?" Ilikuwa sauti ya Wandera.

"Nguo imekwisha," waya akasema. "Kesho mapema."

"Asiambiwe leo. Atakataa kwenda."

Niliuweka ufagio chini polepole. Sikwenda kuchukua hata kandambili zangu.

Sikuelekea Kiyeyi. Kiyeyi ndiko nilikotolewa, na aliyenitoa ni mama. Duniani nilikuwa nimebakiwa na mtu mmoja ambaye hakuwa amepokea kitenge, naye alikuwa Nairobi, na Nairobi ilikuwa ng'ambo ya mpaka wa Busia. Nilifuata njia ya baiskeli katikati ya mashamba ya mihogo, nikiuliza kila niliyekutana naye, "Busia?" nao walinyoosha mkono mbele. Jua lilikuwa utosini nilipofika kwenye lami, ambako malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka upeo wa macho, madereva wamelala chini ya matela. Nilipita kando yao mpaka nikafika penye watu wengi, nikamwendea mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki kando ya njia. Nilimchagua kwa sababu alikuwa mnene na alikuwa akicheka.

"Mama, Nairobi ni wapi?"

Aliacha kucheka. Alitazama miguu yangu. "Nairobi unaenda na nani, mtoto wangu?"

"Kwa baba."

"Baba anafanya kazi wapi huko?"

"Anajenga ghorofa."

Alinipa maji kwenye kikombe cha plastiki. Nilikuwa bado nakunywa nilipomwona Wandera akishuka kwenye baiskeli, shati limelowa, akiangaza macho huku na huku. Aliponiona uso wake ulilegea kabisa, na mimi nikadhani ni furaha ya mwindaji. Alinishika mkono. Nikapiga kelele. Nilipiga kelele kwa lugha yetu kwanza, halafu nikayapata maneno ya Kiswahili ambayo sikujua kwamba ninayo.

"Huyu anataka kuniua! Ametengeneza sanduku!"

Kama kuna jambo ningeomba nilifute, ni dakika zilizofuata. Vijana wa bodaboda waliacha baiskeli zao. Mtu mmoja alimkaba Wandera kwa shati, mwingine akampiga kibao, na neno "mwizi wa watoto" likaruka kutoka mdomo hadi mdomo mpaka sikuona tena anga kwa wingi wa watu. Mtu akauliza kwa ukali, "Wewe nani yake?" Wandera akasema mume wa shangazi yake. "Unakwenda naye wapi? Sanduku ya nini?" Hakujibu. Damu ilikuwa imeanza kumtoka puani, naye ananitazama mimi tu, hawatazami wao.

Yule mama wa samaki alijipenyeza na mwiko wake wa chuma mkononi. "Ngojeni! Mwacheni aseme. Wewe, baba ya huyu mtoto yuko wapi? Jibu, maana hawa watakuua."

"Niliahidi mama yake sitasema," Wandera akasema. "Ni shangazi yake ndiye alikuwa aseme, kesho."

"Kesho utakuwa maiti. Sema."

Wandera akapiga magoti kwenye vumbi, ili macho yetu yalingane. Alijaribu kulisema kwa Kidhopadhola, lugha ya mkewe, akakosea maneno, akarudi kwenye Kiswahili na kulisema polepole ili nisipoteze hata neno moja.

"Baba yako hayuko Nairobi. Hajawahi kufika Nairobi. Alikuwa nasi pale, shimo ikaanguka, ikamfunika. Nimemtafuta miaka minne. Mwezi huu nimempata. Sanduku ni yake. Ni ndogo kwa sababu... ni mifupa tu, mama. Ni mifupa tu imebaki."

Watu walimwachia mmoja mmoja. Hakuna aliyeomba radhi. Yule kijana aliyempiga kibao alikwenda kuisimamisha baiskeli yake iliyokuwa imeanguka, akaipangusa kiti. Mama wa samaki alinivuta kwenye tumbo lake, akanibana hapo, na nakumbuka niliwaza kwamba huyu naye ananuka mafuta kama jikoni kwetu, na kwamba sijaamini.

Naam, sikuamini. Hilo ndilo watu hawalielewi nikisimulia. Nilirudi naye kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda, lakini nilitembea upande wa pili wa baiskeli, na yeye aliikokota njia nzima bila kunikaribia. Tulipofika kwenye zile kuta za saruji vichakani alisimama, akaniambia nikae ikiwa nataka. Sikukaa. Akanieleza.

Wazungu walikuja pale babu yake Wandera alipokuwa kijana. Walilipua miamba kwa baruti, wakachimba njia za chini kwa chini, na babu yake alisukuma vigari vya mawe gizani tangu kuchomoza jua hadi kutua, bila kujua mawe yale yana nini. Zile kuta zilikuwa kitako cha mashine yao ya kusagia. Halafu siku moja walifungua mashine, wakaipakia kwenye malori, wakaondoka bila kuaga. Walikwenda na ramani zao. Kwa hiyo hakuna mtu aliyebaki anayejua zile njia zimepita wapi. Watu walilima mihogo juu yake kwa miaka mingi, mpaka mwanamke mmoja alipokuwa akiteka maji mtoni akaona kitu kinameremeta kwenye mchanga, na nchi nzima ikahamia pale na majembe.

"Sisi tulichimba yetu hapo," alisema, akionyesha bonde dogo lililoota nyasi. "Hatukujua tuko juu ya njia ya zamani. Baba yako alikuwa chini. Wengine tulikuwa juu."

Walifukua siku tatu. Wakubwa wa serikali wakaja, wakaona ardhi bado inatitia, wakakataza. Bibi yangu Kiyeyi akasema hawezi kukaa matanga ya mtu ambaye hajamwona, na asiyezikwa hajafa. Anayetaka aseme amekufa, lakini si yeye. Ndipo mama akaitafuta Nairobi, apate pa kumweka baba. Wandera akaanza kufukua kutokea upande wa pili, kupitia njia ya Wazungu, karai moja moja, kila jioni.

"Umemjuaje?" Hilo lilikuwa swali langu la kwanza.

"Mkanda. Mama yako alimnunulia Tororo. Una chuma yenye kichwa ya ng'ombe hapa." Aligusa tumbo lake.

Asubuhi ya Jumamosi nilivaa lile gauni. Lilikuwa jeupe na lilinitosha kila mahali. Waya aliniambia bibi amesema mzaliwa wa kwanza wa baba ndiye atangulie mbele ya sanduku, amwite baba atoke pale aende kwao, na ndiyo sababu nilihitajika. Watu wote wa Kwa Mzungu walikuwa wamesimama njiani, na kwa mara ya kwanza tangu nifike ile mashine ilikuwa kimya. Sikujua namna ya kumwita mtu aliyekufa. Nilisema tu, "Baba, twende." Nilisema hivyo mara nyingi, mpaka kwenye lori, na nikaona wachimbaji wakubwa, watu wa kufichana makarai, wakilia wazi.

Tulipofika Kiyeyi, bibi alilia kwa mara ya kwanza. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jiko. Nilimpita, nikaenda kukaa na waya. Ilinichukua muda mrefu kumsamehe mama, labda kwa sababu uongo wake ulikuwa mzuri sana. Nilimwuliza siku moja yale magauni ya Krismasi yalitoka wapi. Akasema, "Kwa Wandera. Yote."

Nikakua na Wandera akawa kama baba kwangu. Kila likizo nilikwenda kwao. Lakini ile tabia niliyoipata wiki ile haikuniacha: mtu akinitendea wema mwingi, mimi hujiuliza anafukia nini. Miaka minne ya karai moja moja. Magauni manne. Kukubali kupigwa hadharani bila kuinua mkono. Nilimpenda, na nikazidi kuhesabu.

Mwaka niliomaliza chuo nilimkuta amezeeka, kifua kinamsumbua kwa ajili ya vumbi la mawe. Tulikuwa tumeketi uani tukipukuchua mahindi, sisi wawili. Sikuwa nimepanga kuuliza.

"Baba Nabwire, siku ile, kwa nini baba alikuwa chini peke yake?"

Vidole vyake vilisimama.

"Ilikuwa zamu yangu," akasema. "Nilimwambia naumwa. Akaingia badala yangu."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana." Alikuwa akikitazama kigunzi kilichokuwa mkononi mwake. "Siku moja kabla niliona mbao ya kuzuia udongo imepasuka. Ningesema, wangefunga shimo, na tulikuwa tumekaribia jiwe yenyewe. Sikusema. Na mimi mwenyewe niliogopa kuingia."

Kuku walikuja kudonoa punje miguuni petu, hakuna aliyewafukuza.

"Waya anajua?"

"Hapana. Wala mama yako. Wala padri."

"Mbona unaniambia mimi?"

Ndipo akaniangalia, kwa macho yale yale aliyonitazama nayo kwenye vumbi la Busia. "Kwa sababu watu wote walinishukuru," alisema. "Wewe peke yako ulinishuku."

Sikujua nina haki ya kusamehe kwa niaba ya nani. Nilichukua hindi jingine, naye akachukua jingine, tukaendelea kupukuchua bila kutazamana mpaka waya akarudi kutoka sokoni na kapu kichwani, akatua mzigo, akatukagua nyuso zetu mmoja baada ya mwingine na kuuliza tulikuwa tunazungumza nini. Wandera aliinamisha kichwa. Mimi ndiye niliyemwambia, hakuna kitu, waya, tulikuwa tunakungoja wewe.